Jibu: Mama analia kila nikimkanda mgongo, niache?

Salaam dada, na poleni kwa msiba. Umesema tangu baba afariki, mama hulia kila unapomkanda mgongo, nawe hujui kama uendelee. Kukanda ndiyo kazi yangu, na wafiwa wengi hulia hivyo mikononi mwangu. Usimwambie anyamaze.

Kwanza muulize mwenyewe, mkiwa wawili tu, kama anataka. Machozi yakija, tuliza mkono palepale bila kuuondoa, umsubiri. Akikuruhusu, endelea polepole. Ngozi ina mishipa ya fahamu inayoitikia zaidi mguso wa taratibu, kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na inahusika na ile hisia ya kutulizwa. Nguvu nyingi hapo haina kazi.

Ila akikakamaa, au akiwa kama hakusikii, ondoa mkono umzungumzishe. Hapo panahitaji mshauri nasaha, si mimi wala mafuta ya nazi.

Na miguu: mmoja ukivimba, ukawa na moto na maumivu, usiukande kabisa. Huenda damu imeganda ndani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Usingizi wake ukoje, na anakula?