Maswali Yenu: Mzigo, Nyayo na Mgongo

Nikibeba ndoo ya lita 20 kwa mkono wa kulia, mwili unapinda kushoto na mkono mtupu unanyooka wenyewe. Nikijikaza nisimame wima, natembea kwa shida. Kwa nini?

Uzito wa mtu aliyesimama huhesabika kama umekusanyika mahali pamoja, chini kidogo ya usawa wa tumbo. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Huanguki maadamu timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, ikishushwa kutoka hapo inatua ndani ya eneo la nyayo zako. Ukishika ndoo, hesabu inakuwa ya wawili. Tuseme una kilo 60, na ndoo ya kilo 20 inaning'inia sentimita 30 kutoka katikati yako: kitovu cha pamoja kinahama sentimita 7.5 kuelekea kwenye ndoo. Ukisimama tu, si neno. Kazi iko unapoinua mguu wa kulia upige hatua, maana sasa umebaki na unyayo wa kushoto peke yake, na timazi sharti itue juu yake. Basi kiwiliwili kinakwenda kushoto, na mkono mtupu unanyooka kuongeza uzito upande huo. Gawa maji kwenye ndoo mbili za lita 10, utatembea wima.

Naambiwa niinue kwa miguu, si kwa mgongo. Mbona sanduku kubwa bado linaniumiza kiuno?

Ushauri huo ni nusu tu. Adui ni umbali. Misuli ya kunyoosha mgongo huvuta ikiwa takriban sentimita 5 tu nyuma ya kitovu cha pingili. Sanduku la kilo 20 likiwa sentimita 50 mbele, umbali wake ni mara kumi ya ule wa misuli, basi misuli hiyo huvuta kwa nguvu inayolingana na kilo 200. Likiwa sentimita 20, kilo 80. Uzito wa kiwiliwili kilichoinama haumo bado. Sasa sanduku pana halipiti kati ya magoti: ukichuchumaa, magoti yenyewe yanalisukuma mbali nawe.

Piga goti moja kando yake, livute hadi lipande juu ya paja, likumbatie tumboni, kisha usimame, nyayo zote zikiwa zimekanyaga chini, mguu mmoja ukitangulia kidogo. Kugeuka, zungusha miguu. Kiuno kisisokotwe na mzigo mkononi.

Nilinyanyua jerikeni nikidhani limejaa, kumbe tupu. Nusura nianguke chali!

Ubongo haungoji mzigo uguse mkono. Sehemu ndogo ya sekunde kabla, misuli ya mgongo na miguu huwa imeshakaza kurudisha mwili nyuma, kwa kipimo cha uzito uliokisiwa. Uzito usipokuja, nguvu ile inakutupa wewe. Lisukume kwanza kwa mguu, au liinamishe kidogo, kabla ya kulinyanyua.