Ursaluna mzito: usimwongezee kasi, mpunguzie

Mkuu, umeuliza kama Ursaluna wako, yule dubu mzito kwenye mchezo wa Pokémon, umjazie kasi, kwa sababu kila pambano la wawili kwa wawili anaangushwa kabla hajapiga, na kuna aliyekushauri umchukue Rhyperior, mnyama mwingine mzito, badala yake. Usimjazie. Mimi nilianza na kosa hilohilo na lilinigharimu miezi.

Piga hesabu. Ngazi ya 50, hata ukimpa mafunzo yote ya kasi na tabia ya Jolly, ile inayoongeza kasi, anaishia kasi ya 112. Flutter Mane, mmoja wa wanyama wenye mbio, hata asipofundishwa kasi hata chembe ana 155. Umeyatupa mafunzo ambayo yangekaa kwenye uhai au nguvu, na bado unapigwa wewe kwanza.

Nenda upande wa pili. Mpe tabia ya Brave, ile inayopunguza kasi, na alama yake ya kasi ya kuzaliwa (IV) iwe sifuri, abaki na kasi ya 49. Kwenye Showdown, tovuti ya kupigania mapambano haya, unaiandika tu. Kwenye mchezo wenyewe itabidi umtafute. Kisha mwenzake aweke pigo la Trick Room: kwa raundi 5, mwenye kasi ndogo ndiye anayetangulia. Mshikishe Flame Orb, kifaa kinachomuunguza anayekishika, maana akiungua kipaji chake cha Guts kinazidisha shambulio lake mara moja na nusu, na nguvu ya pigo lake la Facade inatoka 70 hadi 140.

Raundi ya kwanza ndiyo ngumu. Trick Room hutoka mwisho kabisa, wote wakishapiga, kwa hiyo anayeiweka lazima ahimili mapigo ya wawili. Mimi namtumia mnyama aitwaye Farigiraf: kipaji chake cha Armor Tail hakiachi Fake Out, pigo la kutangulia linalomnyima mtu zamu, limguse yeye wala mwenzake. Namshikisha Mental Herb, kifaa kinachoondoa Taunt, kwa kuwa Taunt ya kawaida, ile inayomzuia kuweka Trick Room, bado inampata. Ursaluna raundi hiyo anajikinga tu kwa Protect, pigo la kujikinga, na ikiisha anaanza kuungua.

Sasa hapa ndipo wengi tunapopotea. Raundi ya kuweka nayo inahesabiwa! Zinabaki 4 za kupiga, na mpinzani mjanja atazila kwa Protect na kubadilisha-badilisha wanyama. Jumamosi moja tulikuwa chumbani kwa jamaa yangu, mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, dirisha tumefunga kwa vumbi la Agosti, simu zote mbili ziko kwenye chaji. Raundi ya 4 nilikuwa bado na Ursaluna na Farigiraf, nikaona nikiagiza Trick Room tena nitaongeza muda. Haiongezi. Ukiiagiza wakati bado inafanya kazi, inazimika. Raundi ya 5 ilikuwa haki yangu; badala yake Flutter Mane wa jamaa akatangulia na pigo la Moonblast, Ursaluna akaanguka hapohapo. Tangu siku ile nachora vijiti kwenye karatasi, raundi moja kijiti kimoja, na siagizi tena mpaka vitimie vitano.

Aliyekushauri Rhyperior hakukosea sana, ila mapigo ya aina ya maji na ya majani humuumiza mara nne, na hivyo viwili utakutana navyo kila mahali. Mimi ningebaki na Ursaluna.

Jambo la kuchunga ni Torkoal wa mpinzani, kobe wa moto mwenye kasi ndogo mno. Aliyepunguzwa kasi mpaka mwisho ana 22, kwa hiyo ndani ya Trick Room yako atakutangulia na pigo la Eruption, ambalo akiwa na uhai kamili lina nguvu 150 na linawapiga wanyama wako wote wawili. Ukimwona kwenye wale wanyama sita wa mpinzani, usiweke Trick Room mpaka umtoe Torkoal kwanza.