Skimu ya umwagiliaji inapopangwa, idara ya afya iitwe lini?

SWALI: Mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya wilaya hapa Tanzania. Tunaandaa andiko la skimu ya umwagiliaji wa mpunga. Mganga Mkuu wa Wilaya anataka andiko lizingatie "afya katika sera zote". Mhandisi anasema hayo yatakuwemo kwenye tathmini ya mazingira. Mimi nilidhani tukitenga fedha za vyandarua na semina tumemaliza. Nani yuko sahihi, na niandike nini hasa?

JIBU: Ndugu afisa mipango, Mganga Mkuu yuko sahihi. Vyandarua ni vya lazima, lakini vinamkinga mtu na mbu ambao tayari wamezaliwa. Kinachoamua mbu hao wazaliwe wengi au wachache ni mchoro wa mhandisi na ratiba ya kufungulia maji. Hivyo viwili hupangwa mapema sana, mara nyingi bila mtu wa afya kuwepo mezani.

Fikra yenyewe, kwamba kila sekta ipime maamuzi yake yataathiri vipi afya za watu, si ngeni. Azimio la Alma-Ata la 1978 lilikwishasema kwamba afya ya msingi inahusu pia kilimo, ufugaji, viwanda, elimu, makazi na ujenzi. Finland iliipigia debe ilipokuwa rais wa Umoja wa Ulaya mwaka 2006, na mkutano wa kimataifa uliofanyika Helsinki mwaka 2013 ukaitolea tamko. Lakini ukitaka mfano wa kuwaeleza madiwani, chukua petroli yenye madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeacha kuitumia. Kazi hiyo ilifanywa zaidi na watu wa nishati, viwanda vya kusafisha mafuta, waagizaji na mamlaka za viwango, na faida yake ikaonekana kwenye damu ya watoto.

Sasa tuje kwenye mpunga wenu. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua. Wiki za mwanzo baada ya kupandikiza miche, jaruba (kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta) ni hivyo hivyo: maji ya kina kifupi, wazi, hayana kivuli. Mpunga ukishafunika maji, viluwiluwi hupungua. Yai huchukua kama wiki moja hadi mbili kufikia mbu kamili, kutegemea joto. Kwa hiyo jaruba likikaushwa kabla muda huo haujatimia, viluwiluwi vinakufa humo humo. Wakulima wengi tayari wanaujua utaratibu huu kwa jina la kilimo shadidi: unalowesha, unaacha pakauke, unalowesha tena. Wanaupenda kwa sababu unaokoa maji. Hapo ndipo ninapokushauri uanzie mazungumzo na mtu wa kilimo, kwa faida anayoitafuta yeye mwenyewe. Ukianza na takwimu za wagonjwa wa malaria atakusikiliza kwa heshima, kisha ataendelea na mchoro wake.

Ila kukausha hakuji kwa kuamuru tu. Lazima majaruba yasawazishwe vizuri, la sivyo maji yanabaki kwenye vishimo na nyayo, na mbu wanazaliana humo. Lazima mifereji ya kutolea maji iwepo na ifanye kazi. Katika miradi mingi fedha huishia kwenye banio (kizuizi cha kuchepusha maji ya mto) na mfereji mkuu, mifereji ya kutolea maji ikaachwa kwa "awamu ya pili". Kwa upande wa afya, hilo ndilo kosa ghali kuliko yote, na ningependa ulipiganie kwenye mchanganuo wa gharama. Mpunga ukianza kuchanua usilazimishe ukavu, mavuno yatashuka; wakati huo kivuli cha mpunga wenyewe kinasaidia.

Kuna na kichocho. Konokono wanaokisambaza hukaa kwenye maji ya taratibu yenye majani. Mfereji uliosakafiwa na wenye mteremko unaofaa huwapunguza. Weka vivuko ili watu wasivuke kwa kukanyaga maji, sehemu ya kufulia iliyo kando ya mfereji, na vyoo karibu na mashamba, kwa sababu mtu anayeshinda shambani tangu alfajiri hatarudi nyumbani kujisaidia. Mashimo ya kuchimbia kifusi yafukiwe kabla mkandarasi hajalipwa fedha za mwisho. Hilo liandikwe kwenye mkataba.

Afisa ugani naye ashauriane na mratibu wa malaria kuhusu viuatilifu. Dawa za kundi la pairethroidi hupulizwa mashambani na ndizo hizo hizo zinazotiwa kwenye vyandarua. Zikimwagwa ovyo shambani, mbu huzoea, na chandarua kinapoteza nguvu.

Kuhusu hoja ya mhandisi: tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ni mlango halali wa kuingizia mambo haya. Tatizo ni wakati. Mara nyingi hufanyika usanifu ukiwa umekaribia kukamilika, na afya hupewa aya moja yenye maneno "elimu itatolewa". Omba afisa afya awemo tangu kuandika hadidu za rejea (maelezo ya kazi ambayo tathmini itafanya), na aende eneo la mradi pamoja na mhandisi.

Katika andiko, kila hatua ya afya iwe na kifungu chake cha fedha ndani ya bajeti ya mradi, na jina la idara itakayowajibika. Ukiiacha kwenye bajeti ya afya, mwaka wa fedha ukibana itakatwa, kwa sababu itashindana na dawa za zahanati.

Na kama usanifu umeshasainiwa, bado ratiba ya maji iko wazi. Hiyo hupangwa na umoja wa watumiaji maji. Kaeni nao kabla hawajapitisha kanuni zao, siku za kukausha kila kundi la majaruba ziandikwe humo, pamoja na zamu za kufyeka majani mferejini na faini ya asiyefika.