Usioanishe modeli ya nishati na risiti za LUKU

Kwa jengo lenye vioo vya tabaka mbili na paa lililozuiliwa joto, modeli ya nishati, yaani hesabu ya umeme wa jengo inayofanywa na programu ya kompyuta kama EnergyPlus, ni makadirio tu hadi ioanishwe na usomaji wa mita. Nafanya kazi hii Dodoma, na kijana anayeanza namwambia aiache kwanza kompyuta.

Ofisi nyingi hapa zinatumia LUKU, mita ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Mhasibu atakupa risiti za mwaka mzima zimepangwa vizuri, nawe utatamani kuzijumlisha kwa mwezi. Usifanye hivyo. Risiti inaonyesha siku uniti ziliponunuliwa, basi. Ofisi inaweza kununua nyingi Juni, mwaka wa fedha ukifungwa, ikazitumia hadi Agosti. Modeli ikifuata risiti hizo itakuonyesha viyoyozi vikinguruma wakati watu wa Dodoma wamevaa masweta na madirisha yako wazi.

Mwombe mlinzi aandike mita kwenye daftari kila siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Hapo utaupata usiku peke yake, na usiku una mengi: seva, friji, taa za nje, pampu ya tangi. Kwenye jengo moja usiku ulikuwa mzito mno. Tulizunguka na fundi umeme tukakuta hita za maji za ghorofa ya juu zinawaka, hakuna anayeoga. Bila kuzunguka, mzigo huo ungebandikwa kwa viyoyozi.

Tumia hali ya hewa ya mwaka ule ule uliosoma mita, tena ya Dodoma. Faili la Dar es Salaam halifai hata kwa kuanzia: sisi tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na feni ile ile hubeba joto pungufu.

Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, kwa takwimu za mwezi, unaruhusu upotofu wa asilimia 5 (jumla ya modeli ikizidi au kupungukiwa na mita) na mtawanyiko wa asilimia 15 (tofauti za mwezi mmoja mmoja). Ni vipimo vizuri, ila makosa hufutana: ndani ya modeli ukizidisha umeme wa taa na kupunguza wa viyoyozi, jumla hubaki ile ile, modeli ikapita. Kwa hiyo weka kando miezi michache, Novemba yenye joto iwemo, usiitumie kurekebisha modeli, kisha uijaribu modeli kwa miezi hiyo. Ikikosea, rudi jengoni na fundi kabla hujabadilisha namba yoyote.