Kasoro ya Atomu Moja Ina Faida Gani?

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Mwalimu wetu wa fizikia ametwambia kuwa wataalamu hutia kasoro kwa makusudi katika maada za matabaka ili waziongoze elektroni. Nijuavyo mimi, kitu chenye kasoro hutupwa. Imekuwaje?
Mwanafunzi, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salaam. Shaka yako ina msingi, lakini mwalimu wako hakukosea.

Ncha ya penseli yako ni grafiti, yaani matabaka ya kaboni yaliyolaliana, kila moja likiwa mbali na jenziwe kwa nanomita 0.335 hivi. Mwaka 2004, huko Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walilibandua tabaka moja kwa selotepu (ndiyo, selotepu hii ya dukani), na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel. Katika tabaka lenye unene wa atomu moja elektroni haina pa kukwepea, kwa hiyo hata pengo la atomu moja huigusa.

Elektroni husafiri kama wimbi. Maji yanapojaa, vitazame vigingi vya shamba la mwani: wimbi likigonga kigingi hurudi, likakutana na linalokuja, na viwimbi vikakizunguka. Viwimbi vya elektroni vya namna hiyo huonekana kando ya kasoro kwa hadubini ya ncha (chombo kinachopapasa uso wa kitu kwa ncha kali sana hadi atomu zikaonekana), iliyobuniwa mwaka 1981 katika maabara ya IBM karibu na Zurich.

Sasa chukua salfaidi ya molibdeni, maada nyingine ya matabaka, iliyojengwa kwa metali ya molibdeni na salfa. Ikitoka atomu moja ya salfa, pengo lake hunasa elektroni, na umeme ukapita kwa kusuasua. Hiyo ni hasara. Lakini molibdeni chache zikibadilishwa kwa metali ya reni, ambayo kila atomu yake ina elektroni moja zaidi ya nje, zile za kuungia na atomu nyingine, tabaka hupata elektroni za ziada za kubeba umeme. Metali ya niobi, yenye moja pungufu, hufanya kinyume chake. Nalo tabaka la nitridi ya boroni (boroni na nitrojeni) lina kasoro zinazotoa fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja hata katika joto la kawaida la chumbani, jambo ambalo sehemu yake isiyo na kasoro haiwezi.

Kinachotaabisha ni kuiweka kasoro pale unapoitaka. Miale ya ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) hung'oa atomu kwa wingi, ila hubahatisha mahali. Hadubini ya ncha hulenga, lakini hupanga atomu moja moja kama mtunga shanga, na kwa mwendo huo kuunda simu moja tu kungemaliza umri wa fundi.