Jibu: Chembe sahani za damu ya kitovu kwa njiti

Dada, umeuliza kwa nini njiti (mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati) asiongezewe chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, za damu ya kitovu badala ya za mtu mzima. Wazo lako lina mashiko kabisa, na watafiti wanalifanyia kazi.

Chembe sahani za kichanga ni za pole, haziamki upesi kama zetu. Pengo hilo huzibwa na vitu vingine ndani ya damu yake, hivyo huganda vizuri tu. Ukiingiza za mtu mzima, huenda unavuruga mizani hiyo. Utafiti wa PlaNeT-2 (Uingereza, Ireland na Uholanzi, 2019) ulihusu watoto njiti 660. Walioongezewa chembe sahani zao zikishuka chini ya 50,000 kwa kila mikrolita ya damu, asilimia 26 walifariki au kuvuja damu vibaya; waliosubiriwa hadi chini ya 25,000, asilimia 19. Yaani waliopewa zaidi ndio walioumia zaidi! Mimi takwimu hizo zinaniuma.

Kitovu hutoa damu kidogo, lakini njiti wa kilo moja huhitaji mililita 15 hivi tu za chembe sahani. Kazi ngumu ni kuikinga damu hiyo na bakteria inapokusanywa chumba cha kujifungulia.

Kwa sasa, muulize daktari wa mwanao wanaongeza zikifika kiwango gani.