Zirkonia yenye salfeti inachoka upesi: anza na tanuri

Ndugu, umesema uliichoma zirkonia yako yenye salfeti (unga wa asidi ngumu unaotumika kama kichocheo) kwa nyuzi 800 za Selsiasi, na sasa inaacha kugeuza heksani nyoofu kuwa yenye matawi ndani ya saa moja. Ningeshuku tanuri kwanza. Kwa joto hilo salfeti nyingi hutoroka, na ndiyo inayoipa asidi ukali wake. Rudia kwa nyuzi 600 hivi. Kabla ya hapo osha hidroksidi ya zirkoniamu unayoanzia mpaka maji ya kuoshea yasitoe ukungu mweupe ukidondosha nitrati ya fedha. Kloridi ikibaki utahangaika bure.

Kwenye kipimo cha eksirei ya shaba, kinachoonyesha umbo la fuwele, tafuta kilele karibu na digrii 30.2, cha umbo la tetragonali unalolitaka. Vikipanda vya 28.2 na 31.5, fuwele zimeshageuka kuwa za monokliniki. Piridini, kimiminika kinachoshikamana na asidi, kwenye infraredi itaonyesha asidi za Brønsted (zinazotoa protoni) karibu na 1540 kwa sentimita, za Lewis (zinazopokea jozi ya elektroni) 1450 (fanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa, harufu yake haivumiliki).

Unga huu hunyonya unyevu, kwa hiyo ukaushe tena ndani ya riakta kwa nyuzi 450, kwa hewa kavu. Ikiwa bado unachoka, ni masizi ya kaboni yanayoufunika: tia platini 0.5% na upitishe hidrojeni, ila joto la kupunguzia platini (kuigeuza kuwa metali kwa hidrojeni) lisizidi nyuzi 300, usije ukatoa hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu. Fundi wa maabara akague kwanza kama mabomba yanavuja.